Uzi: Ubuyu twauza kwa gunia, watoto walala na sima kavu

Mla Mtsunga (Gede)

Salaam aleikum na hamjambo ndugu zangu wa Malindi, Kilifi yote na Lamu. Kuna jambo lanikera siku nyingi, la vyakula vyetu vya porini tunavyovidharau, na nataka tulizungumze kwa kirefu, kila mtu alete anachokijua kutoka kwao.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba katika Kenya nzima, watoto 18 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kilifi yetu ilikuwa 37. Hakuna kaunti iliyotupita kwa ubaya huo. Na kudumaa si ufupi wa ukoo. Ni mtoto aliyekosa chakula cha maana tangu tumboni mwa mamake hadi anapotimiza miaka 2, na kile mwili na akili vilichokosa wakati huo ni vigumu sana kukirudisha baadaye.

Sasa zunguka vijiji hivyo hivyo. Mvua za mwaka zikishika wiki mbili tatu, kuanzia Jilore hadi Magarini, kuanzia Matsangoni hadi Ganze, mashamba yajaa mboga za mwitu: mtsunga (mchunga), kiswenya (mchicha wa mwitu), mnavu, mwangani na tsalakushe, na hakuna mtu aliyepanda hata mbegu moja. Mbuyu umesimama uwanjani. Mkwaju uko njia ya kisimani. Ndani ya nyumba ni chai ya rangi asubuhi, sima mchana, sima usiku, na kitoweo ni maharagwe siku ya bahati. Mama wa nyumba hiyo ameamka kupalilia, kiswenya amekingʼoa akakitupa pambizoni pamoja na magugu, halafu jioni amtuma mtoto dukani na sarafu za mwisho akanunue sukuma wiki iliyonyauka.

Simlaumu mama huyo. Tumefundishwa sote kuona haya. Mgeni akija, mtsunga wafichwa. Shuleni tulifundishwa karoti na kabeji kwa picha za rangi, mboga ya nyanya zetu haikuwa na hata mchoro. Ikapewa jina la chakula cha njaa, na jina hilo ndilo lililoiua.

Wacha niseme mtsunga unavyopikwa vizuri, maana wengi waliouchukia walipikiwa vibaya. Ukivunja shina latoka utomvu mweupe kama maziwa, na ukichelewa ukachuma baada ya maua ya manjano kutokea, utakula shubiri. Chuma majani machanga. Changanya na kiswenya, kiswenya kiwe kingi, kwa sababu ndicho kinachopooza uchungu. Osha kabla ya kukata, si baada. Chemsha kidogo tu, ukiona bado ni chungu kamua maji ya kwanza, kisha rudisha chunguni na kitunguu na nyanya, mwisho tui zito la nazi. Usitie magadi. Najua magadi yalainisha mboga upesi na kuipa rangi, lakini yaharibu vitamini. Tui si anasa: vitamini A ya majani yahitaji mafuta ndipo mwili uichukue, na wazee waliotuachia mapishi haya hawakuwa wanabahatisha. Ukikamulia ndimu sahanini, au ukala na maji ya ukwaju, madini ya chuma yaliyo katika majani yaingia mwilini zaidi. Chai ngoja kwanza, inywe saa moja baadaye, kwa sababu chai yazuia chuma hicho.

Kisha ubuyu. Gramu 100 za unga wa ubuyu zina vitamini C ya miligramu 150 hadi 300, na chungwa lina kama 50 kwa uzito huo huo. Una kalsiamu nyingi pia. Kwa mtoto aliyefika miezi 6 na kuanza kula, kijiko kimoja cha unga laini wa ubuyu katika uji wa mtama au wimbi ni jambo kubwa, ila ukorogwe baada ya kuepua, uji ukiwa umepoa kidogo. Ukiuchemsha pamoja na uji, vitamini C unaiua mwenyewe jikoni.

Na huu ubuyu ndio tunaoubeba magunia kwa magunia hadi barabarani. Lori laupakia, wafika Mombasa, warudi kwetu umetiwa sukari na rangi nyekundu katika vipakiti, na mtoto wa yule yule aliyepanda juu ya mti anaununua. Jumuiya ya Ulaya iliuruhusu ubuyu kuwa kiungo cha chakula mwaka 2008. Tangu hapo unga wake wauzwa huko kama chakula cha afya, na mafuta ya mbegu zake yaingia kwenye vipodozi. Kazi yote yenye faida, kuponda, kuchekecha, kukamua mafuta, kupakia, yafanywa baada ya gunia kuondoka kijijini.

Mwaka 2022 tulifika pabaya zaidi. Mibuyu mizima ya Kilifi iling'olewa kwa mitambo ipelekwe nchi ya Georgia, hadi Rais Ruto akaagiza uchunguzi mwezi wa Novemba. Wenye mashamba waliiuza kwa sababu ya shida. Mtu mwenye mti unaomlisha na kumlipia karo haamki asubuhi akauuza na mizizi yake.

Msimamo wangu ni huu: nyumba ishibe kwanza, na kinachotoka kijijini kitoke kimeshatengenezwa. Lamu mwafanyaje? Ganze? Karibuni.

BintiAmu (Lamu)

Waaleikum salaam ndugu yangu wa Gede. Umenigusa.

Huku kwetu visiwani mboga za majani si nyingi kama kwenu, lakini matunda ya mwitu bado yana heshima. Kunazi zikiiva, watoto hawakai nyumbani. Mkunazi kwetu si mti wa kukatwa ovyo, majani yake ndiyo tunayooshea maiti, kwa hivyo mtu hufikiri mara mbili kabla ya kuutia shoka, na hiyo heshima imeuokoa. Ukwaju ndio usiseme, Ramadhani bila maji ya ukwaju si futari. Mabungo yatoka bara ya Lamu, pande za Witu na Hindi, na juisi yake haina mfano. Makoma watoto wayatafuna ganda, na majani ya mkoma huo huo wanawake wayasuka mikeka na vikapu. Mti mmoja walisha na kuvisha nyumba.

Ila nataka niwataje watu ambao katika mazungumzo kama haya husahauliwa: Waaweer, wale ambao wengi huwaita Waboni. Vijiji vyao ni Basuba, Mangai, Mararani, Kiangwe, Milimani, Bargoni, Pandanguo. Hawa ndio mabingwa wa jambo hili Lamu nzima. Asali, matunda, mizizi ya porini, wajua kila kimoja, mahali pake na wakati wake. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu 1977, wakabaki na asali na matunda na vishamba vidogo. Kisha 2015 ikaja operesheni ya usalama ya Linda Boni, dhidi ya al-Shabaab, na msitu wa Boni ukawa si wa kuingia kwa raha. Mtu aliyekuwa akitoka alfajiri kwenda kwenye mizinga na miti yake, leo afikiria askari na afikiria wale wanaotafutwa na askari. Twaelewa sababu ya usalama, watu wamekufa huku. Lakini mtoto wa Kiaweer asiyeingia msituni na babake hajifunzi mti upi waliwa na upi waua. Maarifa hayo hayako kwenye kitabu chochote kijijini. Yakikatika kizazi kimoja, yamekwenda.

Kwa hivyo mimi naongeza hapo kwenye msimamo wako: anayejua aandikwe kama mwalimu na alipwe kama mwalimu. Wafadhili wakija wasiwafundishe Waaweer vyakula vya porini. Wawaombe wao wafundishe.

Kijana wa Ganda

Shikamooni wakubwa. Nitasema lisilopendeza, mniwie radhi.

Mimi nimelelewa na hayo majani. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, hatukula mtsunga kwa sababu ya vitamini. Tulikula kwa sababu hapakuwa na kitu kingine, na hata wenyewe ulikuwa wa kuutafuta mbali. Dadangu alikuwa akitembea hadi karibu na msitu kuchuma, anarudi jua la utosi, na masomo yakalala. Kwa hivyo mtu akija kutuambia mali yetu iko porini, sisi twasikia kwamba maji ya bomba, mbolea na barabara havitakuja, tujipange na magugu.

La pili, mashamba ya siku hizi yapigwa dawa ya kuua magugu. Hiyo kiswenya munayoisifu yakauka siku ya nne. Atakayeichuma siku ya pili amemlisha mwanawe sumu.

Mla Mtsunga (Gede)

Marahaba mwanangu, na hukukosa adabu. Hayo uliyosema ni ya kweli na yanauma, na ningekuwa mimi ndiye niliyemwona dada yangu akitembea hivyo, huenda ningesema kwa ukali zaidi.

Hakuna anayesema majani yachukue nafasi ya maji ya bomba. Kiangazi kikali mtsunga nao hufa. Ndiyo maana nasema tusingoje njaa. Mboga hizi ziko tele wakati wa mvua, wakati ambao ghala za mahindi ndizo tupu kwa sababu mavuno bado. Hiyo ndiyo miezi ya kuzila kwa wingi na kuzikausha. Na kuzisogeza nyumbani kwawezekana: kiswenya, mnavu na mwangani hutoa mbegu bila hesabu. Acha mashina machache yakomae, kusanya mbegu, mwaga kwenye tuta lililo karibu na pale mnapoogea au kuoshea vyombo, maji hayo yatalinywesha. Dada hatakwenda msituni.

Kuhusu jina la chakula cha maskini, tazama Nairobi. Mnavu huko waitwa managu, mchicha waitwa terere, mwangani waitwa saga, na watu wazipangia foleni sokoni na kwenye maduka makubwa. Zamani nao walizionea haya. Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa, Dr. Patrick Maundu akiwa mmoja wao, walikaa miaka mingi na wanavijiji wakiorodhesha vyakula hivi na kuvirudishia heshima, na mwaka 2021 UNESCO ikaiingiza kazi hiyo ya Kenya katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Mboga ni zile zile zinazomea Ganda. Kilichobadilika ni jicho la mlaji.

Dawa ya magugu, hapo tuko pamoja kabisa. Shamba lililopigwa dawa halichumwi. Na ukitaka kula kutoka shambani, tenga kipande usichokipiga.

Mhudumu wa Jamii (Magarini)

Hamjambo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, kazi yangu ni kuingia nyumba kwa nyumba na kupima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi. Nimefurahi kuuona uzi huu, lakini naomba tuongeze tahadhari, kwa sababu mtu anaweza kusoma hapa na kesho akaingia porini na kapu.

Usichume usichokijua. Mnanaha humea jalalani na mashambani pamoja na mchicha, na miche yake ikiwa midogo mtu mwenye haraka huivuta pamoja. Mnanaha si mboga. Humfanya mtu akauke koo, aone yasiyokuwepo, moyo uende mbio, na waweza kuua. Mnavu liwa majani yaliyopikwa. Vitunda vyake vikiwa vibichi, vya kijani, vina sumu, watoto wasivichezee. Tunda la tonga kula nyama yake ya ndani, mbegu usizitafune. Na usichume kando ya barabara kuu ya Malindi na Mombasa wala kwenye majalala ya mji, kwa sababu ya moshi wa magari na uchafu, hata kama mchicha wa hapo una afya kukushinda wewe.

Kuhusu watoto: majani pekee hayatoshi. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, ukilijaza mboga na uji mwepesi amelala ameshiba maji. Uji uwe mzito, usianguke kijikoni kwa urahisi. Mboga isagwe au ikatwe ndogo sana, itiwe tui, na pawe na kitu cha kujenga mwili pembeni: kunde, pojo, yai, dagaa waliopondwa. Sisi wa pwani kukosa dagaa ni aibu. Na kunyonya kuendelee hadi miaka 2 na zaidi.

Mama mjamzito asiache vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki eti kwa sababu anakula kiswenya. Ale kiswenya na ameze vidonge. Nimewakuta wanawake wamevificha ndani ya kopo kwa sababu vinawapa kichefuchefu. Mwambie mkunga, atakusaidia, usivitupe.

Nyumba ninazoziona watoto wakiongezeka uzito si zile zenye pesa pekee. Ni zile ambazo chunguni mna vitu vingi vidogo vidogo. Mboga mbili, kunde kidogo, nazi, tunda la mwitu mkononi mwa mtoto. Hapo ndipo porini panapotusaidia kweli, kutuongezea aina.

Mchuuzi wa Ukwaju (Kisumu Ndogo, Malindi)

Asante mamangu mhudumu. Wacha nami niseme ya soko, nimo humo kila siku.

Tatizo la kwanza ni gunia. Mnunuzi akija kijijini hanunui kwa kilo, ananunua kwa gunia lililoshonewa kofia juu, na kofia hiyo hailipwi. Bei anaisema yeye, kwa sababu anajua mwenye ubuyu ana mgonjwa hospitalini au mtoto amerudishwa kwa karo. Kikundi kikiwa na mizani yake, mazungumzo yanageuka siku hiyo hiyo. Mizani kwanza, mashine baadaye. Nimeona vikundi vikiletewa mashine ya kusagia ikaota kutu kwa sababu hapakuwa na umeme wala mtu wa kuitengeneza, na kumbe kinu, mchi na chekecheo safi vingetosha kuanzia.

La pili ni ubora. Ubuyu uliookotwa chini baada ya mvua, ganda limepasuka, ndani huwa na ukungu. Ukiuchanganya na mzuri umeuharibu wote. Ganda liwe zima, ukilitikisa ndani palie. Vunja mahali pasafi, toa nyuzi, twanga taratibu ili mbegu zisivunjike ndani ya unga, chekecha kwa kitambaa au chekecheo la matundu madogo, na ufungie hapo hapo. Unga wa ubuyu wavuta unyevu wa pwani yetu, ukiuacha wazi usiku mmoja asubuhi umegandamana. Ukwaju nao, ondoa maganda na mbegu, kandamiza kwenye vipande, funga. Mama wa mjini anayepika samaki wa kupaka hataki kuhangaika na maganda, atalipa zaidi kwa kile kilicho tayari.

La tatu, wakati. Ukwaju ukivunwa wote wauuza wiki moja, bei yaanguka. Aliyeweka akangoja Ramadhani ndiye anayecheka. Tatizo ni kwamba kuweka kwataka uwe na chakula cha kula wakati ukingoja, na hapa ndipo chama cha kuweka na kukopa cha kina mama kinapofanya kazi kuliko semina yoyote. Mwanachama akope kidogo alishe nyumba, ukwaju wake ukae ghalani.

Na ukitaka kuingia madukani na mahotelini, Malindi na Watamu zina mahoteli tele, utaulizwa alama ya KEBS, shirika la viwango, na cheti cha afya. Mtu mmoja mmoja hatayaweza hayo. Kikundi kitaweza. Juisi ya bungo, ukwaju na ubuyu kwenye meza ya mgeni aliyekuja kuiona pwani, kuna sababu gani apewe juisi ya boksi?

Mafudu, matunda mengine ya mwitu, bado sijaona mtu akiyafanyia kazi ya maana. Yauzwa kwa vikombe kandokando ya njia, yakiisha yameisha. Hapo pana nafasi kwa kijana mwenye bidii ya kutengeneza jemu.

Mzee wa Kaya

Nimesoma yote wanangu. Nina machache.

Porini si ghala lisilo na mwenyewe. Kaya zetu, misitu yetu mitakatifu, zina miiko, na miiko ile ndiyo iliyofanya miti iwepo hadi UNESCO ikaziingiza kaya takatifu za Mijikenda katika urithi wa dunia mwaka 2008. Hukati, huchimbi, huingii bila ruhusa ya wazee. Msitu wa Arabuko-Sokoke nao, kilomita mraba 420 hivi, una sheria zake za serikali. Anayetaka kuvuna humo apitie chama cha jamii cha kuhifadhi msitu, sheria ya misitu ya 2016 imeweka njia ya vyama hivyo kupewa haki za matumizi. Asiingie kwa mlango wa nyuma halafu alie akikamatwa.

Tuna mfano hapo hapo Gede. Mradi wa Kipepeo ulianza 1993. Watu wanaoishi ukingoni mwa msitu wakafuga pupa wa vipepeo, wakauzwa nje ya nchi, na wale waliokuwa wakitaka msitu ukatwe wapewe mashamba wakaanza kuulinda, kwa sababu majani ya kuwalisha viwavi yatoka humo. Chakula cha porini chaweza kwenda njia hiyo. Lakini kikiwa na soko bila miiko, kitaisha. Nimeona mkwaju ukikatwa matawi ili matunda yafikiwe upesi. Nimeona ganda la mbuyu likichunwa pande zote. Tunda lisivunwe lote. Mengine ni ya tumbili, mengine ni ya mbegu. Na popo msiwapige mawe, maua ya mbuyu hufunguka usiku na popo ndio wanaoyachavusha. Ukimfukuza popo usiulize kwa nini mbuyu hauzai.

Tena angalieni mibuyu yenu. Yote mikubwa. Michanga iko wapi? Mbuzi. Kila mche ukitoa vijani viwili, mbuzi amepita. Zungushia miiba mitano sita, uache.

Na mtapo, ule mmea wa mwitu wenye mbegu za sumu. Wazee waliula katika njaa kubwa, mbegu zake zikalowekwa, zikachachushwa, zikakaushwa, siku nyingi, na waliokosea walizikwa. Naona vijana siku hizi wanasikia habari zake nusu. Msiujaribu. Huo uacheni kwenye hadithi.

Kijana wa Ganda

Shikamoo mzee. Nimeelewa zaidi sasa, na mhudumu ameniondolea wasiwasi wangu mmoja mkubwa.

Kwetu kuna mbuyu mmoja na shamba la mamangu lisilofika ekari mbili. Nianzie wapi? Mashine sina, kikundi sina.

Mchuuzi wa Ukwaju (Kisumu Ndogo, Malindi)

Kaka, mbuyu mmoja haukutajirishi, lakini jirani ana mwingine na shangazi ana mwingine. Msimu ujao usiuze gunia hata moja la maganda. Vunja, toa unga, pima kwa kilo, anza kuwauzia kina mama wa barafu na juisi hapo Ganda na mjini. Weka unga wa nyumbani kando kabla ya kuuza, usiwe unaobaki. Mbegu usizitupe, zikaange kidogo na kuzisaga, ni chakula chenye mafuta. Ukipata wenzako watano wa kuaminika nunueni mizani. Halafu njoo tuzungumze, nitakuonyesha wanunuzi wangu, sitakuficha.

Na ukipanda mibuyu mipya, uliza watu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, hapo Gede kuhusu kupandikiza, yaani kuunga kitawi cha mbuyu unaozaa kwenye mche. Mche wa mbegu utauacha kwa wajukuu, uliopandikizwa waweza kuuvuna wewe mwenyewe.

BintiAmu (Lamu)

Samahani, kabla hatujaenda mbali. Mhudumu, hizo mboga za kukausha mwazikaushaje? Shangazi yangu wa Witu alianika kunde juani, zikawa kama tumbaku, rangi imekwenda na hakuna aliyetaka kuzila.

Mhudumu wa Jamii (Magarini)

Dadangu, jua kali ndilo lililoziharibu. Vitamini A huondoka na ile rangi ya kijani ikififia.

Chuma asubuhi, osha, ondoa mashina magumu. Chemsha maji yenye chumvi kidogo, yakitokota tumbukiza majani kwa dakika mbili tatu, yatoe, yapoze kwa maji baridi, yakamue kidogo. Yatandaze kwenye wavu au jamvi safi kivulini penye upepo, juu, mbali na kuku na vumbi, na juu yake funika kitambaa chepesi dhidi ya nzi. Geuza mara kwa mara. Yakivunjika mkononi kwa sauti yamekauka. Yatie kwenye chombo kinachofunga vizuri, mahali penye giza, na ukaguekague, ukiona unyevu au harufu ya uvundo usimpe mtu.

Ukitaka kupika, loweka kwa maji ya uvuguvugu, na maji hayo hayo uyatumie kupikia. Kisha tui kama alivyosema ndugu wa Gede. Mwambie shangazi ajaribu tena na kunde kidogo kwanza, wiki hii pepo ni nzuri.